Kuuguza: somo la kitenzi kimoja

1. Swali la darasani

Mwaka jana, katika somo la mofolojia, mwalimu wetu aliandika ubaoni vitenzi viwili: kuugua na kuuguza. Akatuuliza kiambishi -z- kinafanya kazi gani. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amesoma vizuri sura ya vitenzi vya kusababisha, akajibu bila kusita: "Kuuguza ni kumfanya mtu augue." Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akasahihisha kwamba kuuguza ni kumtunza mgonjwa, kisha akapita kwenye mfano mwingine kwa sababu muda ulikuwa unaisha.

Mimi sikucheka. Kwa kufuata kanuni, jibu la mwenzetu lilikuwa sahihi. Kwa kufuata historia ya nchi yetu, kama nitakavyoonyesha, lilikuwa na ukweli unaotisha. Na mimi mwenyewe nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza: kitenzi hicho kilinikosekana siku moja nilipokihitaji, na kukosekana kwake kuliwagharimu watu.

Katika makala hii nataka kujibu swali la mwalimu kwa kirefu kuliko saa ya darasa ilivyoruhusu. Nitaanza na umbo la kitenzi, kisha nitaenda Yambuku, Kikwit na Butembo, mahali ambapo watu walikitenda kitenzi hiki kwa mikono yao. Mwishoni nitakilinganisha na neno tunalolitumia kila siku tunapowasifu watu wa namna hiyo, yaani kujitolea.

2. Umbo na maana

Tuanze na yale ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua. Kitenzi kuugua kina maana ya kuwa mgonjwa, na pia kutoa sauti ya maumivu. Zamani mzizi wake ulikuwa na l mwishoni. L hiyo imedondoka, lakini bado inaonekana tukisema kuugulia. Vitenzi vya aina hii vinapoingia katika hali ya kusababisha, l hugeuka kuwa z. Ndivyo tunavyopata kupungua na kupunguza, kuungua na kuunguza, kupotea na kupoteza.

Katika jozi hizo maana ni wazi. Anayeunguza nguo ndiye aliyeifanya iungue. Anayepoteza ufunguo ndiye aliyesababisha upotee. Basi anayeuguza angepaswa kuwa ndiye anayemtia mtu ugonjwa. Lakini Kiswahili kimekataa. Kwa kazi hiyo mbaya kina kitenzi kingine, kuambukiza, na kuuguza kimewekwa upande wa wema.

Je, ni ubaguzi tu wa lugha, neno moja lililopotea njia? Sidhani. Tazama vitenzi hivi: kulisha, kunywesha, kulaza, kutembeza, kuvusha, kuzalisha. Mama anayemlisha mtoto hasababishi kula kama moto unavyosababisha nguo kuungua. Mtoto ndiye anayekula, mama yupo kando ya bakuli, kijiko mkononi. Anayemvusha mzee barabara huvuka naye. Mkunga anayemzalisha mwanamke hazai yeye. Mwenye uchungu ni mama, mkunga yuko pale, mikono yake imo ndani ya kazi ambayo si yake. Katika kundi hili kusababisha maana yake ni kushiriki: mmoja anatenda au anapatwa, mwingine yuko naye katika tendo lile lile. Tunaweza kuuita usababishi shirikishi.

Kuuguza ni ndugu wa vitenzi hivyo. Mgonjwa ndiye anayeugua, na hakuna anayeweza kuugua badala yake. Anayemuuguza anashiriki kuugua kule kutoka nje, kwa kunyanyua, kuosha, kufuta jasho, kukesha.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi, katika lugha za jirani. Kwa Kinyarwanda, ambacho wengi hapa Kivu wanakisema, kuwa mgonjwa ni kurwara. Kitenzi hicho kikiingia katika hali ya kusababisha kinakuwa kurwaza, na maana yake ni kuwa na mgonjwa unayemtunza. Mtu anayekaa na mgonjwa hospitalini, yule ambaye sisi kwa mazoea ya Kifaransa tunamwita gardimaladi, kwao ni umurwaza. Mzizi ni mwingine kabisa, lakini wazo ni lile lile. Lugha mbili haziwezi kukosea namna moja kwa bahati tu. Ninaona hapa fikra ya zamani ya watu wa ukanda wetu: ugonjwa ni kazi, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Nikiri mpaka wa hoja yangu. Vitenzi hivi havishiki ukaribu kwa nguvu sawa. Mtu anaweza kusema kwamba analisha watoto wake kijijini huku yeye yuko Kinshasa, maana kulisha kumepanuka hadi kugharamia. Lakini niliwauliza wenzangu kumi na wawili wa darasa kuhusu sentensi "Ninamuuguza mama kijijini" ikisemwa na mtu aliye Kinshasa, na wote waliikataa. Wengi walisahihisha: "Sema unamlipia matibabu." Kuuguza kunadai mwili uwepo. Jambo hili dogo la semantiki ndilo linalobeba yote yanayofuata.

3. Yambuku, 1976

Mwezi wa Septemba 1976, katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu iliyoitwa Zaire wakati huo, watu walianza kufa kwa homa ambayo hakuna aliyeijua. Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120. Haikuwa na daktari. Iliendeshwa na masista kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi wa hapa nchini, na watu walitembea mbali sana kuifikia kwa sababu ilikuwa na dawa.

Hakuna anayeweza kusema kwamba wale masista na wauguzi hawakuwapenda wagonjwa wao. Waliishi nao miaka mingi, walizalisha watoto wao, na homa ilipokuja hawakukimbia. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Lakini uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha jambo chungu. Kila asubuhi wauguzi wa upande wa wagonjwa wa nje walipewa sindano tano tu. Sindano hizo ziliwahudumia watu wote wa siku ile, zikisuuzwa katika maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Wanawake wajawazito waliokuja kupimwa waliondoka na kifo mwilini. Katika wagonjwa 318 waliohesabiwa, 280 walikufa. Hospitali ilipofungwa, mlipuko ukaanza kuzimika.

Hapa ndipo jibu la mwenzetu darasani linapoacha kuchekesha. Kule Yambuku, kwa majuma machache, kuuguza kulikuwa na maana zote mbili kwa pamoja: mkono mmoja ulimtunza mgonjwa na mkono ule ule ukamtia ugonjwa mwingine. Haukuwa mkono mbaya. Ulikuwa mkono wenye upendo, usio na vifaa vya kutosha na usiojua ulichobeba.

Daktari kijana Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku kutoka Kinshasa. Alichukua damu za wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo, akaosha mikono kwa maji na sabuni. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ikachunguzwa. Wataalamu walipotafuta jina la virusi, hawakutaka kukipa kijiji cha Yambuku aibu ya milele, wakachukua jina la mto wa eneo lile: Ebola. Sisi wa kitivo cha lugha tuliweke akilini jambo hilo. Katikati ya vifo, kuna watu waliosimama kufikiria neno litawafanya nini wale watakaobaki.

4. Kikwit, 1995

Miaka 19 baadaye ugonjwa ulirudi, safari hii katika mji mkubwa, Kikwit. Ulipita hospitalini tena, hasa katika chumba cha upasuaji, na wahudumu wa afya wapatao 80 waliambukizwa. Waliougua kwa jumla walikuwa 315, na wanne katika kila watano hivi walikufa.

Kati ya waliokufa walikuwemo masista sita wa Kiitalia wa shirika la Poverelle la Bergamo. Wa kwanza, Floralba Rondi, alikufa tarehe 25 Aprili. Wa sita, Vitarosa Zorza, alikufa tarehe 28 Mei. Baadhi yao hawakuambukizwa na mgonjwa wasiyemjua, bali na dada mwenzao waliyekuwa wakimuuguza. Kuuguza kulizaa kuugua, na kuugua kukadai muuguzi mwingine, naye akaja. Majina yao sita yameandikwa na yanakumbukwa, na ni haki. Wauguzi wa Kikongo waliokufa katika wodi zile zile walikuwa wengi zaidi, na pamoja nao mama, dada na wake waliokaa kando ya vitanda. Hao majina yao yanajulikana nyumbani kwao tu.

Mambo mawili ya Kikwit yanahusu somo letu. La kwanza: glavu, barakoa na mafunzo vilipofika, wahudumu wapya walioambukizwa walipungua sana. Wauguzi waliendelea kuuguza, lakini hawakuendelea kufa. La pili lilitokea mwezi wa Juni. Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu iliyotolewa na watu waliokwisha kupona. Saba kati ya wanane wakaishi. Wataalamu wa nje walibishana sana kama damu ile ndiyo iliyowaponya, maana idadi ilikuwa ndogo. Lakini wazo halikufa. Miaka mingi baadaye, kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilipatikana kingamwili iliyotengenezwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika mlipuko mkubwa wa mwaka 2018, na mwaka 2019 ilitangazwa kuwa mojawapo ya dawa mbili zilizookoa wagonjwa wengi kuliko nyingine.

Ninataka msomaji aone njia hiyo ilivyo ndefu. Mtu aliyeugua Kikwit mwaka 1995, akauguzwa na watu waliohatarisha maisha yao, akapona, akatoa damu. Na zaidi ya miaka 20 baadaye, upande wa pili wa nchi, bibi mmoja wa Butembo anapata dawa iliyoanzia katika damu hiyo. Sasa nifike kwa bibi huyo.

5. Neno nililolikosea

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza mtihani wa taifa, sina fedha za kuingia chuoni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nilichukuliwa kuwa mkalimani wa kikosi kimoja cha watu wa riposti, kama tulivyowaita, kwa sababu nilijua Kifaransa, Kiswahili na Kinande. Hakuna aliyenifundisha ukalimani. Nilipewa fulana, beji na siku nusu ya maelezo kuhusu virusi. Kuhusu maneno, hakuna aliyesema chochote, na mimi sikuuliza. Nilidhani kujua lugha tatu kunatosha.

Siku moja tulifika katika nyumba ya bibi aliyekuwa akiishi na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minane. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi na alikuwa amekaa na jirani aliyekufa. Daktari, mtu wa mbali lakini mpole, alimtazama akiwa mlangoni, akaniambia kwa Kifaransa kwamba lazima tumwizole mtoto. Kitenzi chake kilikuwa isoler. Sikufikiri hata sekunde. Nikamgeukia bibi nikasema: "Mama, mtoto lazima tumtenge."

Kamusi ingenitetea. Kutenga ni kuweka kando, na tunatenga fedha, tunatenga siku. Lakini bibi hakuwa na kamusi. Alikuwa na kanisa, ambako mtenda dhambi hutengwa, na alikuwa na kijiji, ambako anayeshukiwa uchawi hutengwa. Alinitazama mimi, si daktari, akajibu kwa sauti ya chini: "Mbuzi mwenye upele ndiye anayetengwa. Huyu ni mtoto." Kisha akatukaribisha kwa heshima turudi asubuhi.

Asubuhi tulikuta kufuli. Walikuwa wameondoka usiku. Tuliwapata baada ya siku tisa, katika mtaa mwingine, kwa ndugu. Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Bibi alikuwa ndani, anatapika. Alikuwa amemuuguza mjukuu wake peke yake kwa siku zile zote, kwa mikono mitupu, kama kitenzi kinavyodai.

Niliombwa kwenda naye kituoni kwa sababu wauguzi wa zamu hawakujua Kinande. Ndipo nilipokutana na mama mmoja, muuguzi wa siku nyingi, aliyekaribia kustaafu. Kituo kilikuwa na vyumba vyenye kuta za plastiki inayoona, vilivyoanza kutumika Beni mwaka uliotangulia, ili ndugu asimame nje amwone mgonjwa wake na kuzungumza naye. Mama yule aliniambia nimtafsirie bibi maneno haya: "Mama, tutakulinda hapa mchana na usiku. Mikono yetu itakugusa, lakini itavaa. Binti yako atasimama pale, utamwona, naye atakuona." Hakutaja kutenga, wala kuizole. Alitumia kulinda, kama watu wa kwetu wanavyosema mtu analinda mgonjwa, na alisema mapema kabisa jambo ambalo kila mgonjwa anataka kulijua: nani atanigusa, na nani ataniona.

Nilitafsiri. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia: "Ungesema hivi siku ile."

Bibi alipona. Alikuwa mmoja wa wale waliopewa dawa niliyoitaja hapo juu. Nilimwona akitoka, amevaa nguo mpya walizopewa waliopona, na watu wakipiga makofi. Hakunitafuta, nami sikujipeleka mbele yake. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Mmoja wao ni mtoto ambaye ninajua neno lililomtoa nyumbani usiku.

Sisemi kwamba neno moja ndilo lililomuua. Virusi ndivyo vilivyomuua, na hofu ya miaka mingi ya vita, na watu wengi kutoamini riposti, na silaha. Katika mji huo huo, tarehe 19 Aprili 2019, daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi akiwa kazini hospitalini. Mazingira yalikuwa hayo. Lakini katika mazingira hayo fungu langu mimi lilikuwa neno, na nililishika vibaya.

6. Kujitolea na kuuguza

Tunapowasimulia watu kama wale wa Yambuku na Kikwit, tunasema walijitolea. Ni neno zuri, na linastahili kuchambuliwa.

Mzizi ni -to-, wa kutoa. Tukiongeza ji- tunapata kujitoa, na maana inagawanyika. Aliyejitoa katika chama ameondoka. Aliyejitoa kwa ajili ya wagonjwa amekuja. Umbo ni moja, njia ni mbili zinazokwenda kinyume. Tukiongeza kiambishi cha kutendea, tunapata kujitolea, na hapo maana ya kuondoka inapotea. Kiambishi -le- kinamwita mtu wa pili katika sentensi: unajitolea kwa nani? Ndiyo sababu neno hili linafaa.

Lakini lina hatari mbili. Ya kwanza ni ya matumizi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, "yeye anajitolea tu" imekuja kumaanisha "yeye halipwi". Wapo wauguzi wengi katika nchi hii wanaofanya kazi miaka bila kuingia katika orodha ya mishahara ya serikali, na tukiwaita watu wa kujitolea tunajisikia tumewalipa kwa sifa. Neno zuri linageuka kifuniko cha deni. Mama yule wa kituoni aliniambia siku moja, bila hasira, kwamba watoto wake hawakusoma kwa kujitolea kwake, walisoma kwa vitumbua alivyouza baada ya zamu.

Hatari ya pili iko katika sarufi yenyewe. Tunajua kwamba kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha mtendwa. Tukiweka ji- pale, hatuwezi kuweka -m-. Hakuna anajimtolea. Anayejitolea amejiweka mwenyewe katika nafasi ya mtendwa, na mgonjwa anangoja nje ya kitenzi, nyuma ya kihusishi: anajitolea kwa mgonjwa. Ukisukuma mbele zaidi unafika kujitoa mhanga, ambapo nafsi imekuwa kafara na macho yote yako kwake. Si ajabu kwamba redio zinatumia maneno hayo hayo kwa mtu anayejilipua sokoni.

Sasa tazama: ninamuuguza. Nafasi ile moja imechukuliwa na mgonjwa. Nafsi yangu imo, lakini mwanzoni, kama mtenda kazi, haijitazami. Kwa hiyo, ikiwa tunatafuta katika Kiswahili neno la upendo unaojisahau, nadhani tunalo, na cha ajabu ni kwamba halina ji- ndani yake.

Mtu anaweza kunipinga hivi: ukimsahau mwenyewe kabisa, si ndiko kurudi Yambuku, mikono mitupu na sindano tano? Nilifikiri sana juu ya pingamizi hilo. Jibu langu ni kwamba muuguzi anavaa glavu kwa sababu ya mgonjwa wa kitanda kinachofuata, na kwa sababu mgonjwa wa leo atamhitaji kesho tena. Glavu haipunguzi kuuguza, inakulinda kusigeuke kuambukiza. Inashika z ya kitenzi upande wake wa wema. Wale wa Yambuku wangezivaa kama wangezipata. Kujua ni sehemu ya kuuguza, sawa na kukesha.

Na kuna waliouguza bila glavu za namna hiyo katika mlipuko wetu. Watoto ambao mama zao walikuwa kituoni walihitaji kubebwa, na kila mtu aliogopa kuwabeba. Waliowabeba ni watu waliokwisha kupona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Tuliwaita washindi. Niliwaona wakiwa na watoto kifuani, wakiwanywesha maziwa, wakiwalaza. Kunywesha, kulaza, kuuguza: kundi lile lile la vitenzi, na walioweza kuvitenda kwa ukamilifu walikuwa wale walioona kuugua kwenyewe.

7. Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kuuguza si kosa katika mfumo wa vitenzi vya kusababisha, bali kiko katika kundi lenye maana ya kushiriki, na kwamba lugha ya jirani inathibitisha wazo hilo. Nimeonyesha pia kwamba kitenzi hiki kinadai ukaribu wa mwili, na kwamba ukaribu usio na ujuzi unaweza kugeuza maana yake. Na nimesema kwamba anayetafsiri kando ya mgonjwa naye ni muuguzi, apende asipende, na maneno ni vifaa vyake. Yanaweza kusuuzwa haraka na kutumiwa kwa kila mtu, kama zile sindano tano, au yanaweza kusafishwa kwanza.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, na ni neno la ukoo mmoja na kurwara niliyoitaja. Nusu ya pili ya methali naikubali, na ndiyo iliyonileta katika kitivo hiki. Nusu ya kwanza bado siiwezi. Kwangu yaliyopita ni ndwele, nami nayauguza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafuta vitenzi vingine vitano vya kusababisha katika lugha ya kwenu. Vipi vina maana ya kumfanya mtu atende, na vipi vina maana ya kutenda pamoja naye?

2. Katika Kiswahili cha mtaani kwenu, mtu anayekaa hospitalini na mgonjwa anaitwaje? Neno hilo linasema nini juu ya kazi yake?

3. Tafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya bibi asiyejua Kifaransa, sentensi ya daktari aliyesema mtoto lazima aizolewe. Usitumie kutenga. Msomee mzee mmoja wa nyumbani kwenu tafsiri yako, na uandike alivyojibu.